Bi Zdravka Dryanova na Meno Yaliyokuwa Mazuri Mno

Marehemu Bi Zdravka Mineva Dryanova, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 mjini Tryavna. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Mzee Minyo Kolarov, mchonga mbao, na Bi Stanka, mshonaji wa nguo. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo theluji ilianguka huku jua likiwaka, na mkunga akashindwa kuamua kama afunge dirisha au aliache wazi.

Utoto wake aliupitisha chini ya meza ya kazi ya baba yake, kati ya maranda ya mti wa mjozi. Mzee Minyo alichonga dari za nyumba na fremu za vioo na za picha za watakatifu. Katika kila fremu aliacha ubao wa chini mpana zaidi kidogo kuliko ule wa juu. Zdravka alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, alimwuliza sababu.

"Baba, mbona chini umeacha pana?"

"Nikiacha sawasawa, picha itaonekana inateleza."

"Lakini haitelezi."

"Haitelezi. Inaonekana inateleza."

"Kwa nini?"

"Zdravka mwanangu, nenda kamwulize mama yako kama supu iko tayari."

Supu ilikuwa tayari, lakini swali halikujibiwa. Familia yake inaweza kushuhudia kwamba aliendelea kuliuliza kwa miaka sitini na tisa iliyofuata. Aliwauliza mapadri, maseremala, wagonjwa wenye pamba mdomoni, na mkwewe Plamen siku ile alipokuja kuposa na kukuta anaulizwa ni bahasha ipi kati ya tatu inampendeza zaidi.

Elimu ya msingi na ya sekondari aliipata hapohapo Tryavna, akamaliza mwaka 1965. Walimu wake walimkumbuka kwa utulivu na kwa kosa moja. Darasani kulikuwa na picha ya kiongozi iliyotundikwa katikati kabisa ya ukuta, imepimwa kwa rula. Asubuhi moja Zdravka alikutwa amesimama juu ya kiti, anaipandisha kwa upana wa vidole viwili.

"Unafanya nini?" mwalimu aliuliza.

"Anaonekana anazama, Mwalimu."

Mwalimu alifunga mlango kwanza. Kisha akasema polepole, "Umesema picha inaonekana inazama. Picha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Picha ilibaki pale alipoiweka, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuiona na kasoro.

Alitamani kusomea uchoraji, lakini nafasi zilikuwa chache na nyumbani walihitaji mtu mwenye kazi ya uhakika. Mwaka 1966 akaenda Sofia, akajiunga na chuo cha mafundi wa tiba, na kuhitimu ufundi wa meno bandia Juni 1968. Huko chuoni, kwa mara ya kwanza, alikutana na watu waliokuwa na jibu. Kitabu chao kilisema jino la mbele, ukiligeuza juu chini, lifuate umbo la uso wa mwenyewe. Kilisema pia kwamba ukiyatazama meno kwa mbele, kila moja lionekane jembamba kuliko lililotangulia, na upungufu uwe kwa uwiano uleule tangu katikati hadi pembeni. Kulia na kushoto vilingane kama mabawa ya kipepeo. Zdravka alimwandikia baba yake kwamba sababu ya mambo kupendeza imepatikana, na kwamba ni hesabu. Baba yake alijibu kwamba amefurahi, na kwamba wamechinja nguruwe.

Tarehe 1 Septemba 1968 alianza kazi katika zahanati ya meno mjini Gabrovo. Kwa muda mfupi akajulikana kwa mkono wake safi. Madaktari walimpenda kwa sababu kazi yake haikurudi. Wagonjwa wengi walikuwa wazee waliokaa bila meno kwa miaka, nao walishukuru kwa chochote kilichotafuna.

Mei 1969, katika matembezi ya milimani, alikutana na Gancho Rashkov Dryanov, fundi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda kimoja cha mjini. Zdravka alisema yeye ndiye aliyembebea Gancho mkoba. Mzee Gancho yuko hapa, na bado anasema ilikuwa kinyume. Walipendana, wakakubaliana kuoana. Kilichobaki kilikuwa ni kwenda kijijini Kunevtsi kumwona mama.

Bibi Yova Dryanova alikuwa mjane, na Gancho alikuwa mwanawe pekee. Majira ya baridi yaliyotangulia alikuwa ameng'olewa meno yake ya mwisho. Alimpokea binti wa watu kwa banitsa ya moto, mkate wa tabaka wenye jibini, akamkalisha karibu na jiko, akamwuliza habari za wazazi. Ila muda wote aliongea huku ncha ya kitambaa cha kichwani ameishikilia mbele ya mdomo. Gancho alipotaja siku ya harusi, mama yake alitikisa mkono.

"Itangoja."

"Ingoje nini, Mama?"

"Nani atasimama mlangoni kumlisha bibi harusi mkate na asali? Mimi. Na wapiga picha wapo, na kijiji kizima kipo. Nisimame na mdomo ulioporomoka kama zizi la mbuzi? Sisimami."

Kila mtu wa huku anajua maana yake. Bibi harusi asiyepokewa mlangoni na mama mkwe anaingia nyumbani kama mgeni, na hubaki mgeni. Gancho hakuwa mtu wa kumpita mama yake. Hivyo Zdravka, ambaye hakuwa mzungumzaji, alisema sentensi ndefu kuliko zote alizosema siku hiyo: "Mama, hiyo ndiyo kazi yangu, naomba niifanye mimi."

Hakuna meno aliyoyatengeneza kwa uangalifu kama yale. Alipima uso wa Bibi Yova kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Aliyapanga meno kwenye nta, akayapangua, akayapanga tena. Uwiano ulikuwa wa kitabuni, kulia kukalingana na kushoto bila tofauti ya unywele. Daktari mkuu aliwaita wenzake waje waone. Februari 1971 Bibi Yova alirudi Kunevtsi na meno mapya, mdomo umefungwa kwa sababu ya baridi, akiwa na matumaini makubwa.

Jumapili akaenda duka la ushirika. Jirani yake, Bi Tota, alikuwa kwenye foleni ya mkate.

"Yova! Meno mazuri hayo!" Bi Tota alisema. Akamsogelea, akamkagua. "Ya nani?"

"Yangu, ya nani tena?"

"Nauliza tu. Unafanana na yule mama wa televisheni anayesoma hali ya hewa. Haya tuambie, kesho kutanyesha?"

Foleni nzima ikacheka. Hayo angeyavumilia, maana yeye na Bi Tota walikuwa wakitaniana tangu wakiwa wasichana. Lakini alasiri Gancho alifika kutoka mjini, akafungua mlango, akamkuta mama yake amesimama jikoni anatabasamu. Akavua kofia. Akasema, "Habari za mchana," kwa adabu, kama mtu aliyekosea nyumba.

Ilikuwa ni nukta moja tu kabla hajamtambua. Ilitosha. Bibi Yova aliyatoa meno, akayafunga kwenye leso, akamkabidhi.

"Mpelekee yule binti. Mwambie ni mazuri sana, ayarudishe kwa mwenyewe."

"Mama, na harusi?"

"Oaneni mjini. Mlango wangu hautakuwa na mtu."

Zdravka aliifungua leso ile kwenye meza yake ya kazi. Alipima upya kila kitu. Kila kipimo kilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu angekuta kosa angelirekebisha. Alikaa majuma mawili bila kujua la kufanya. Aliacha kula vizuri. Alimwambia Gancho kwamba kama atataka kumwacha, atamwelewa, na Gancho akamwambia asiseme upuuzi. Hata hivyo, wote wawili waliacha kutaja siku ya harusi.

Jumamosi moja walikuwa wamekaa kwenye duka la vitafunio karibu na daraja, wakinywa boza, kinywaji kile kizito cha nafaka. Nje, mwanamume mmoja aliteleza kwenye barafu, akainuka, akamkemea mbwa aliyekuwa mbali upande wa pili wa barabara. Gancho akacheka kwa sauti. Zdravka akaweka glasi chini.

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Yapi?"

"Meno."

Gancho akafunga mdomo. "Meno yangu yana nini?"

"Jino la mbele la kushoto limelalia mwenzake. Na chonge hii imepanda juu kuliko ile. Umeyatoa kwa nani?"

"Kwa mama. Baba alikuwa na meno kama ya farasi, Mungu amrehemu."

"Cheka tena."

"Siwezi kucheka kwa amri, Zdravka."

"Basi kesho njoo zahanati. Na usije umeshiba."

Watu wa nyumbani walipomwuliza baadaye ilikuwaje fundi wa meno atembee na mtu karibu miaka miwili bila kuyaona meno yake, alijibu kwamba mtu ukimpenda huoni meno, unaona tu kwamba anacheka.

Siku iliyofuata alimkalisha Gancho kwenye kiti, akamjaza mdomoni mchanganyiko wa kuchukulia alama za meno, na Gancho akakaribia kutapika juu ya koti la kazi la mchumba wake. Kutoka kwenye kinywa cha mwana, Zdravka alitengeneza kinywa cha mama. Jino la kushoto akaliegemeza kidogo. Chonge moja akaipandisha. Kingo akazisugua, kwa sababu mwanamke wa miaka hamsini na tisa aliyekula mkate wa shayiri maisha yake yote hawezi kuwa na kingo za msichana. Rangi akaipunguza weupe. Daktari mkuu alipoyaona, alimwuliza kama anaumwa.

Aliyapeleka Kunevtsi mwenyewe, Machi, akitembea kwenye matope kutoka kituo cha basi. Bibi Yova aliyatia mdomoni, akaenda kwenye kioo. Alipitisha ulimi kwenye meno ya mbele, akarudia.

"Nani kakwambia habari za hili jino?"

"Gancho."

"Gancho hajui hata soksi zake ziko wapi."

"Hakuniambia, Mama. Nimelichukua kinywani mwake."

Bibi Yova alikaa kwenye kiti. Akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akacheka tena, na katika hayo yote mikono yake ilikuwa mapajani. Zdravka alisema hapo ndipo alipojua. Hakuangalia meno hata kidogo, aliangalia mikono.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," Bibi Yova alisema. Kabla ya hapo alikuwa akimwita binti tu.

Juma lile Bi Tota alimkuta dukani, akamtazama, akasema, "Yova, leo umeamka vizuri. Umelala mapema?" Hakuyaona meno. Zdravka aliyahesabu maneno hayo kuwa sifa kubwa kuliko zote alizopata katika kazi yake.

Walifunga ndoa tarehe 25 Aprili 1971. Bibi Yova alisimama mlangoni na mkate na asali, kitambaa kimefungwa nyuma ya shingo, mdomo wazi mbele ya kijiji kizima. Katika picha za siku hiyo, mama na mwana wanacheka kicheko kimoja. Mungu aliwajalia watoto wawili, Yova na Rashko.

Tangu hapo Bi Zdravka hakukiacha kitabu, ila aliacha kukiamini peke yake. Aliwafundisha vijana wengi wa kazi hadi alipostaafu mwaka 2004, na wengi wao wako hapa leo. Aliwaambia jicho linapenda kupata raha mbili. Ya kwanza ni kuelewa upesi, ndiyo maana vitu vilivyolingana vinapendeza. Ya pili ni kubaki na kitu kidogo cha kutafuta baada ya kuelewa. "Ukilipa jicho raha ya kwanza tu, litachoka," alikuwa akisema. "Ukilipa ya pili tu, litakasirika. Na kabla ya yote, jicho linataka kumkuta pale mtu lililokuja kumwona."

Hakudai kwamba hilo ndilo jibu lote. Nyumbani alikuwa na kadi alizozikata katika maumbo ya mistatili, na kila mgeni alitakiwa achague moja. Wachache walichagua mraba, wachache walichagua ule mrefu kama ubao wa uzio, na walio wengi walitawanyika katikati, bila kukubaliana. Mjukuu wake aliyesomea saikolojia alipomweleza kwamba hata wataalamu wanabishana, kwamba majaribio ya uwiano ule maarufu, unaoitwa wa dhahabu, hayajatoa jibu moja, alitegemea bibi atavunjika moyo.

"Bado wanabishana?" Bi Zdravka aliuliza.

"Bado, Bibi."

"Vizuri. Basi sijachelewa."

Bibi Yova aliishi nao mjini kila majira ya baridi kwa miaka ishirini na mitano. Wakwe hawa walikuwa wakizozana kuhusu chumvi na kuhusu namna ya kukunja mashuka, halafu wanakaa pamoja jioni na kumsema Gancho. Kila meno yalipochakaa, Bi Zdravka alitengeneza mengine, na kila mara aliyafupisha kidogo na kuyatia rangi ya chai kidogo, yazeeke pamoja na uso. Bibi Yova alilalamika mara moja tu.

"Wenzangu wanapewa meno mapya. Mimi unanipa ya zamani!"

"Unataka ya yule mama wa hali ya hewa?"

"Ishia hapo hapo."

Bibi Yova alipofariki mwaka 1996, ni Bi Zdravka aliyemwosha na kumvika, na ni yeye aliyemwekea meno yake kabla jeneza halijafungwa, ili huko aendako, alisema, mumewe Rashko asimwambie habari za mchana.

Mwaka 2015 Bi Zdravka aligundulika kuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mikono iliyokuwa ikipanga meno kwenye nta ikashindwa kushika kijiko. Aliupokea kwa utulivu kuliko sisi. Mzee Gancho alijifunza kumpikia, kumvalisha na kumchana, na asubuhi zao zilikuwa na mazungumzo yaleyale.

"Umegawa nywele katikati kabisa, Gancho. Nafanana na kabati la milango miwili."

"Kabati zuri."

"Sogeza njia kushoto kidogo. Kidogo nimesema. Hapo. Sasa nina uso."

Familia inawashukuru kwa moyo wote wauguzi waliomhudumia nyumbani, majirani wa ghorofa ya tatu waliobeba kiti chake bila kuombwa, na wanafunzi wake waliokuja kila Jumatano kumwonyesha kazi zao, hata alipokuwa anajibu kwa kope tu. Alifariki usingizini alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, mume wake akiwa amemshika mkono.

Alipokuwa bado anazungumza vizuri, tulimwuliza angependa kulazwa wapi. Tryavna, kando ya wazazi wake, nafasi ilikuwepo. Alisema hapana, azikwe hapa Kunevtsi, ubavuni mwa Bibi Yova.

"Na mimi je?" Mzee Gancho aliuliza.

"Wewe utakaa upande wake wa pili."

"Mke wangu, mume hukaa katikati!"

"Tukikuweka katikati, sisi tutaongeaje?"

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake na kaka yake Doncho. Ameacha mume, Mzee Gancho Dryanov, mdogo wake Velika wa Tryavna, binti yake Yova na mumewe Plamen wa Burgas, mwanawe Rashko na mkewe Denitsa wa Gabrovo, wajukuu Siyana, Radoslav na Nevena, na kitukuu mmoja, Minyo, ambaye ana miezi minane na tangu juzi ana jino la kwanza. Ameacha pia watu wengi wa wilaya hii ambao leo wamekuja hapa na nyuso zao wenyewe, nasi tunawashukuru kwa kuja nazo.

Bibi Yova, mkweo amefika. Mpokee, apumzike.